Je, Wajua? Mbwembwe na Majivuno Juu ya Magurudumu Mawili

Je, wajua kwamba kutoka Nyangwe, mkoani Maniema nchini Kongo, hadi Kigali, ukipita angani, ni yapata kilomita 500 tu? Huko Kigali, Septemba 2025, ndiko yalikofanyika mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika tangu yaanzishwe mwaka 1921. Mbio za wanaume zilikuwa na kilomita 267.5, na milima yake ukiipanga mmoja juu ya mwingine inapita mita 5,400. Walioanza walizidi 160. Waliomaliza ni 30. Mslovenia Tadej Pogačar alishinda, kilomita 66 za mwisho akiwa peke yake barabarani.

Je, wajua kwamba wiki moja kabla ya ushindi huo, Pogačar huyo huyo alifikiwa na kupitwa mchana kweupe? Ilikuwa katika mbio za kupambana na saa, ambamo kila mmoja huondoka peke yake. Mbelgiji Remco Evenepoel aliondoka dakika mbili na nusu nyuma yake, akamkuta kabla ya mwisho, akampita. Bingwa wa Tour de France mara nne akashika nafasi ya nne. Hakutoa visingizio vya kelele. Jumapili iliyofuata wakakutana tena, na safari hii Mbelgiji akawa wa pili.

Je, wajua kwamba wakati Kigali inashangilia, Goma, mashariki mwa Kongo, ilikuwa mikononi mwa M23, waasi wanaoungwa mkono na Rwanda, tangu Januari mwaka huo, na Bukavu tangu Februari? Mkongo aliyeitazama ile sherehe kwa moyo mzito alikuwa na haki yake. Tunazungumza habari za michezo, lakini barabara zile zile za mashariki ndizo zinazopitisha wakimbizi.

Je, wajua kwamba kanuni za shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, zinakataza baiskeli ya mashindano kuwa nyepesi kuliko kilo 6.8? Weka hesabu hiyo kando ya kinga, yaani baiskeli, ya mchuuzi wa Kasongo, ambayo mzigo wake pekee unapita kilo mia. Mchuuzi huyo hakalii tandiko. Amefunga fimbo kwenye usukani ili aweze kuuelekeza akiwa anatembea pembeni, na fimbo nyingine ameisimamisha nyuma ya tandiko ili apate pa kusukumia. Bidoni za mawese zinaning'inia pande zote mbili, zimekazwa kwa vipande vya mpira wa chubu uliokwisha kazi. Kwenye mteremko hapandi akaserereka kama mzungu wa televisheni. Anajivuta nyuma kwa uzito wa mwili wake wote, visigino vimechimba udongo, kwa sababu mzigo ukimshinda nguvu unakwenda naye mtoni.

Mwandishi Mwingereza Tim Butcher, aliyepita Kabambare na Kasongo kwa pikipiki mwaka 2004, alikutana nao watu hawa njiani wakiwa na mawese yao, mbali mno na kwao, na akawaandika kwa heshima wanayostahili. Soko la Nyangwe, ambalo Livingstone alilishangaa mwaka 1871 kabla damu haijamwagwa humo Julai ya mwaka huo huo, lilijazwa na watu waliobeba bidhaa kichwani na mgongoni. Baiskeli iliiondoa shehena kichwani. Jasho lilibaki pale pale.

Je, wajua kwamba boda boda ilianza na baiskeli, pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960? Na kwamba Kisangani ilijibu kwa toleka, baiskeli zake za kubeba abiria, wakati wa vita, petroli ilipokuwa adimu? Dereva wa toleka huweka mto kwenye kiti cha nyuma, hupamba, hung'arisha, kwa kuwa abiria huchagua kwa macho kabla ya kuuliza bei. Kwa hiyo mbwembwe si jambo la Ulaya pekee. Anayeishi kwa magurudumu mawili anajua kwamba kuonekana ni sehemu ya riziki.

Je, wajua kwamba kulikuwa na Mswisi aliyebeba kitana mfukoni katika Tour de France? Hugo Koblet, mwaka 1951, kwenye hatua ya kutoka Brive hadi Agen, alijitenga na msafara zikiwa zimebaki kilomita 135. Nyuma yake walimfukuza mabingwa wakubwa wa zama zile, kwa zamu, bila kumpata. Alipovuka mstari alitoa kitana akachana nywele, kisha akatazama saa yake kuhesabu amewaacha kwa muda gani. Ilikuwa zaidi ya dakika mbili na nusu. Tour nzima aliishinda kwa dakika 22. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba anaringa? Saa ilikuwa upande wake.

Je, wajua kwamba Mwitaliano Mario Cipollini alivaa kama Julius Caesar katika Tour ya mwaka 1999, baada ya kushinda hatua nne mfululizo? Na kwamba katika Giro d'Italia ya mwaka 2001 alitokea na vazi lililochorwa misuli ya mwili mzima, kama mtu aliyechunwa ngozi? Alitozwa faini mara nyingi kwa mavazi yasiyo ya kanuni, na picha zake zikazagaa magazetini pamoja na jina la kampuni ya mashine za kahawa iliyokuwa ikimlipa mshahara. Hapo ndipo penye siri. Uwanja wa mpira una kiingilio, barabara haina. Mtazamaji wa mbio za baiskeli anasimama kando ya njia bure, kwa hiyo fedha za timu hutoka kwa wadhamini, na mdhamini ananunua macho ya watu. Mwendesha baiskeli asiyetazamwa ni hasara hata akiwa na mapafu ya farasi.

Cipollini huyo alishinda hatua 42 za Giro, akawa bingwa wa dunia mwaka 2002 huko Zolder, Ubelgiji. Tour de France hakuimaliza hata mara moja. Milima ilipoanza, alirudi nyumbani.

Je, wajua kwamba kuwa wa mwisho nako kuliwahi kugombaniwa? Mwaka 1979 Mwaustria Gerhard Schönbacher na Mfaransa Philippe Tesnière walishindana kuchelewa, kwa kuwa anayeshika mkia wa Tour huandikwa magazetini na hualikwa kwenye mbio ndogo za kulipwa baadaye. Schönbacher akafanikiwa kuwa wa mwisho, na jijini Paris akabusu lami.

Je, wajua kwamba Mslovakia Peter Sagan, bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2015 hadi 2017, alishinda hatua moja ya Tour ya mwaka 2012 akavuka mstari huku akichezesha mikono kama mtu anayekimbia kwa miguu? Watoto walimpenda kwa michezo hiyo na kwa kupanda milima gurudumu la mbele likiwa juu. Lakini Machi 2013, jukwaani baada ya mbio za Flanders, alimfinya makalio binti aliyekuja kumpongeza mshindi, mbele ya kamera. Akalazimika kuomba radhi hadharani. Hapa nasema bila kuzunguka: kuinua gurudumu ni madaha yanayofurahisha watu, kumgusa mwanamke aliye kazini ni dharau, na hakuna jezi inayoifuta.

Je, wajua mchezo ambao mshindi anaweza kushindwa kwa sababu ya mikono yake? Mwaka 2004, katika Milano–San Remo, Mjerumani Erik Zabel, aliyekwisha kushinda mbio hizo mara nne, aliinua mikono kushangilia. Mhispania Oscar Freire hakuinua. Alisukuma baiskeli yake mbele kwa nguvu zake za mwisho, na gurudumu lake likagusa mstari kwanza. Watu wetu walikwisha kusema zamani kwamba kutangulia si kufika.

Ungedhani waliofuata wangejifunza. Tarehe 4 Oktoba 2020, katika Liège–Bastogne–Liège, Mfaransa Julian Alaphilippe, aliyekuwa bingwa wa dunia kwa wiki moja tu, aliyumba na kuwazuia wenzake, kisha akaachia usukani na kutanua mikono huku mstari ukiwa bado uko mbele. Primož Roglič alikuwa pembeni yake, kainama, kichwa chini. Huyu Roglič wiki mbili nyuma alikuwa ameipoteza Tour de France aliyoiongoza kwa siku nyingi, akiporwa na Pogačar siku moja kabla ya Paris. Hakuwa na sababu ya kujivuna. Akarusha gurudumu, akashinda. Waamuzi nao wakamshusha Alaphilippe hadi nafasi ya tano kwa kule kuyumba. Na siku tatu baadaye, katika Brabantse Pijl, Alaphilippe akainua mikono mapema tena! Safari hiyo aliponea chupuchupu.

Je, wajua kwamba Eddy Merckx alipewa jina la Mla Watu na mtoto? Mfaransa Christian Raymond, aliyeshindana naye, alimweleza binti yake jinsi Mbelgiji huyo asivyomwachia mtu hata makombo, na binti akatoa jina hilo likaenea dunia nzima. Mwaka 1969, akiwa tayari ameiongoza Tour kwa zaidi ya dakika nane, Merckx alitoroka tena milimani akaenda peke yake kwa kilomita zinazopita 130 hadi Mourenx. Wengine waliita kiburi. Mimi naona ni njaa. Mwenye kiburi hujiona ameshiba. Merckx hakushiba kamwe.

Bernard Hinault ni habari nyingine. Mfaransa huyu, mshindi wa Tour mara tano, aliutawala msafara kama chifu: akisema leo tunakwenda polepole, mnakwenda polepole. Mwaka 1984, katika Paris–Nice, wafanyakazi wa kiwanda cha meli waliokuwa wakigombea kazi zao waliifunga barabara. Hinault hakusimama. Aliwaingia na baiskeli, akashuka, akaanza kurusha ngumi. Picha yake ile inasifiwa hadi leo kama ushujaa. Sikubali. Wale walikuwa watu wanaopoteza mkate, na yeye ni mtoto wa wafanyakazi kama wao.

Je, wajua kwamba Mdenishi Bjarne Riis, kwenye mlima wa Hautacam mwaka 1996, alijirudisha nyuma makusudi awatazame wapinzani wake usoni, mmoja baada ya mwingine, aone nani amechoka, kisha akaondoka kama aliyeitwa? Dunia ilishangaa. Mwaka 2007 akakiri kwamba alikuwa akitumia dawa ya EPO, inayoongeza chembe nyekundu za damu. Lile jicho la dharau lilikuwa la mtu aliyebeba nguvu za kuazima.

Na Lance Armstrong? Mwaka 2004, akiwa na jezi ya njano ya kiongozi wa Tour na ushindi mfukoni, alimfukuza Mwitaliano Filippo Simeoni, mtu asiye na nafasi yoyote ya kumtishia. Kosa la Simeoni ni kwamba alitoa ushahidi dhidi ya Michele Ferrari, daktari wa Armstrong. Mmarekani akamrudisha kundini kwa nguvu, kisha akaonyesha kwa vidole ishara ya kufunga zipu mdomoni. Mamilioni waliiona. Oktoba 2012 akanyang'anywa mataji yote saba kwa dawa zilizopigwa marufuku. Mwezi uliofuata akatoa picha akiwa amejilaza kwenye kochi, jezi saba za njano zikiwa zimetundikwa ukutani juu yake. Januari 2013 akakiri kwa Oprah Winfrey. Katika historia yote ya mchezo huu sijui nyodo iliyozidi ile ya zipu: mtu mwongo akimnyamazisha mkweli, kwa kanyagio.

Kwa ufupi: sekunde 39. Ndizo Alberto Contador alizochuma mwaka 2010 alipomshambulia Andy Schleck wakati mnyororo wa Schleck umeruka mlimani. Aliomba radhi. Akashinda Tour kwa sekunde 39 hizo hizo. Mwaka 2012 akanyang'anywa kwa sababu ya dawa ya clenbuterol, na ushindi ukaenda kwa mwenye mnyororo.

Je, wajua kwamba mmoja wa mabingwa wakubwa kuliko wote aliuawa na malaria aliyoipata Afrika, na kwamba huenda kiburi ndicho kilichomaliza kazi? Desemba 1959 Fausto Coppi, Mwitaliano, alialikwa pamoja na Wafaransa kina Jacques Anquetil na Raphaël Géminiani kushindana Ouagadougou, katika nchi inayoitwa Burkina Faso leo. Walikimbia, wakaenda kuwinda, wakaumwa na mbu kama watu wote. Waliporudi Ulaya, Coppi na Géminiani waliugua kwa wakati mmoja: homa kali, kutetemeka, kutapika. Madaktari wa Ufaransa waligundua kuwa Géminiani ana malaria, wakampa kwinini, akapona. Watu wake wakapeleka habari Italia. Madaktari wa Coppi wakaipuuza, wakasema wanajua wanachokitibu. Tarehe 2 Januari 1960 Coppi akafariki, akiwa na umri wa miaka 40. Mama yeyote wa Kabambare angeutambua ugonjwa ule kwa kumshika mtoto paji la uso, na dawa yake ilikuwa inajulikana kwa karne nyingi.

Je, wajua kwamba baiskeli iliingia Eritrea na wakoloni wa Kiitaliano, na kwamba wenyeji walikatazwa kushindana nao? Mwaka 1939 yakaandaliwa mashindano ya pamoja, kwa lengo la kuonyesha nani ni bora kwa asili. Mweritrea Ghebremariam Ghebru akawashinda Waitaliano. Miaka 83 baadaye, tarehe 17 Mei 2022, katika mji wa Jesi huko huko Italia, Mweritrea mwingine, Biniam Girmay wa Asmara, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Giro.

Itazame vizuri mita za mwisho za siku ile. Girmay na Mathieu van der Poel wanakwenda bega kwa bega. Van der Poel ni mjukuu wa Raymond Poulidor, mzaliwa wa ukoo wa baiskeli, mtu mwenye kila sababu ya kujiona. Anaona hawezi. Anaacha kukanyaga, na kabla Girmay hajamaliza kushangilia, Mholanzi anamwinulia dole gumba. Hiyo ndiyo heshima ya wenye kazi. Kisha jukwaani Girmay akafungua chupa ya mvinyo wa kutoa povu, kizibo kikaruka kikampiga jicho la kushoto, na kesho yake hakuweza kuendelea na mashindano. Wapo waliocheka. Mimi nilihuzunika, maana dunia nzima ilikuwa inasubiri ushindi wake wa pili.

Ulikuja, na ulikuja mkubwa. Katika Tour ya mwaka 2024 alishinda hatua tatu, ya kwanza ikiwa Turin, akavaa jezi ya kijani hadi mwisho. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hata hatua moja ya Tour kabla yake.

Je, wajua kwamba Chris Froome, mshindi wa Tour mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa kazi na David Kinjah, mzee wa rasta wa Kikuyu? Kijana yule mpole alikuwa na ujasiri uliopita kiasi: mwaka 2006, kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu chake, alitumia barua pepe ya mkuu wa chama cha baiskeli cha Kenya kujiandikisha kwenye mashindano ya dunia ya vijana, Salzburg. Akafika, akaanza mbio, akamgonga mwamuzi. Miaka kumi baadaye, Julai 2016, alikalia bomba la juu la fremu akashuka mlima wa Peyresourde huku akikanyaga, na wapinzani hawakumwona tena hadi mwisho. Siku chache mbele, baiskeli yake ilipovunjika kwenye mlima Ventoux katika msongamano wa pikipiki, alikimbia kwa miguu na viatu vyake vya mbio. Mkao ule wa kwenye bomba ulipigwa marufuku na UCI mwaka 2021.

Je, wajua ni nani aliyeshinda mbio za wanawake Kigali? Magdeleine Vallieres wa Kanada, mwenye umri wa miaka 24, ambaye kabla ya hapo alikuwa na ushindi mmoja tu kama mchezaji wa kulipwa. Wakubwa walikaa nyuma wakitazamana, kila mmoja akijiona ndiye wa kufukuziwa na wengine. Walipozinduka, binti wa Kanada alikwisha kwenda.

Je, wajua kwamba Mnyarwanda Adrien Niyonshuti, aliyepoteza kaka zake sita katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alibeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na katika mbio za baiskeli za mlimani akashika nafasi ya 39? Timu yake ilijengwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Ilianza kwa kupima nguvu za vijana wa vijijini, wakiwemo waliozoea baiskeli za kubebea mizigo.

Basi neno langu ni kwa mkoa wa Maniema, kwa shirikisho la baiskeli la Kongo, na kwa kila mfanyabiashara wa Kindu na Kasongo mwenye uwezo wa kununua hata jezi kumi. Vijana wenye miguu mnao tayari. Kila siku ya soko wanapita mbele ya milango yenu wakisukuma mawese. Wapimeni. Wapeni baiskeli isiyo na bidoni, helmeti, na mtu wa kuwafundisha. Na barabara ya Kasongo hadi Kabambare itengenezwe kwanza.